Mapato, Matumizi na Misamaha: Hesabu ya Tatu Isiyosomwa

Msimu wa mananasi ukichanganya, Kiwangwa, huku wilayani Bagamoyo, hailali. Fuso zinajipanga kwenye vumbi la njia za mashambani, vijana wanarushiana mananasi mkono kwa mkono mpaka bodi linajaa, na kabla gari halijashika lami linasimama kwenye kizuizi cha ushuru. Mkusanyaji anabonyeza mashine ya POS, karatasi inatoka: tarehe, kiasi, jina la mlipaji. Kisheria ushuru wa mazao ni mzigo wa mnunuzi. Lakini mnunuzi ameshaupigia hesabu tangu yuko shambani, na bei anayompa mkulima imeshaubeba. Shangazi yangu, ambaye amelima mananasi tangu sijazaliwa, analijua hilo vizuri kuliko afisa yeyote.

Ndiye aliyeniuliza swali lililozaa makala haya. "Mwanangu, nanasi langu mpaka lifike Dar es Salaam lina risiti. Hawa wa viwanda tunaoambiwa wamesamehewa, msamaha wao una risiti?"

Nilimwambia nitaangalia. Nimeangalia kwa muda mrefu, na nilichokiona ni kwamba vipande vya risiti hiyo vipo, ila vimetawanyika. Kimoja kiko Dodoma, kingine kwenye Gazeti la Serikali, kingine Arusha makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kipande kikubwa kuliko vyote kimefungiwa kabatini.

Kwetu Bagamoyo hili si somo la darasani. Maneno mwekezaji, fidia na ukanda maalumu tumeyazoea kama tulivyozoea kusi na kaskazi. Watoto waliozaliwa Mlingotini, Pande na Kondo katika miaka ambayo wathamini walipita na daftari zao wakihesabu minazi na mikorosho, sasa ni vijana wakubwa, na wengine wamekua wakiwasikia wazazi wao bado wanazungumzia fidia ileile.

Kusamehe ni kutumia

Tuanze na msingi, kwa sababu hapa ndipo watu wengi, hata viongozi, wanapopotea.

Serikali inayotaka kumvutia mwekezaji ina njia mbili. Ya kwanza ni kutoa: kumjengea barabara, kumfikishia umeme na maji, kumpa ruzuku. Fedha hiyo inapita kwenye bajeti, Bunge linaijadili, na mwisho wa mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) anaikagua. Ya pili ni kutochukua: kumwacha asilipe kodi ambayo jirani yake anailipa. Kwa njia hii ya pili hakuna hundi inayoandikwa wala zabuni inayotangazwa, lakini mfuko wa umma umepungua vilevile. Shilingi bilioni moja iliyosamehewa na shilingi bilioni moja iliyotumika zinaacha pengo moja kwenye dawa za zahanati.

Wachumi huiita fedha hiyo matumizi yanayopitia kodi, na nadhani wamelipata jina sahihi. Msamaha ni matumizi. Kwa hiyo kila swali tunaloruhusiwa kuuliza juu ya matumizi, yaani nani amepewa, kiasi gani, kwa kazi gani, na kazi imefanyika au haikufanyika, tunastahili kuliuliza juu ya msamaha.

Katiba yetu yenyewe inaelekea huko. Ibara ya 138 inasema hakuna kodi ya aina yoyote itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Mimi naisoma hivi: kama kunitoza kunahitaji sheria iliyo wazi, basi na kumwacha mwingine asitozwe kunahitaji mwanga uleule.

Sasa vivutio vyenyewe. Kinachosemwa zaidi ni likizo ya kodi. Kampuni ya kawaida Tanzania hulipa asilimia 30 ya faida yake kama kodi ya mapato. Sheria ya maeneo ya uzalishaji kwa ajili ya mauzo ya nje (EPZ) ya mwaka 2002, iliyotuongoza kwa zaidi ya miaka ishirini, ilimpa mwekezaji aliyekidhi vigezo miaka 10 bila kodi hiyo, miaka 10 bila kodi ya zuio (ile inayokatwa kabla malipo hayajamfikia mpokeaji) kwenye gawio, riba na pango, nafuu ya ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwa mitambo na malighafi, na, jambo ambalo wana Bagamoyo wengi hawalijui, miaka 10 bila kodi na ushuru wa serikali za mitaa kwa bidhaa za ndani ya eneo lile. Sharti kubwa lilikuwa kuuza nje angalau asilimia 80 ya kinachozalishwa. Mwaka 2006 ikaja sheria ya maeneo maalumu ya kiuchumi, na mwaka 2025 Kituo cha Uwekezaji (TIC) na Mamlaka ya EPZ (EPZA) vikaunganishwa kuwa taasisi moja, TISEZA.

Likizo ya kodi ina udhaifu wa maumbile. Humnufaisha zaidi yule ambaye angepata faida upesi hata bila msaada, na haimfai kitu yule anayehitaji miaka sita kabla ya kuona faida ya kwanza. Tena humtia mtu tamaa ya kuhamishia faida za kampuni zake nyingine ndani ya ile iliyosamehewa, au kufunga biashara mwaka wa kumi na kuifungua upya kwa jina jingine. Afadhali kivutio cha aina ya pili, kinachofungamana na kununua mtambo: sheria yetu ya kodi ya mapato ya mwaka 2004 inamruhusu mwenye kiwanda kutoa kwenye faida inayotozwa kodi nusu ya gharama ya mitambo mwaka uleule wa kwanza. Hapo asiyewekeza hapati kitu, na aliyewekeza anapata kwa kadiri alivyoweka. Kama ningepewa kuchagua, ningechagua hiki.

Vingine nitavipita haraka: kiwango cha kodi kilichopunguzwa kwa muda, nafuu za VAT, vibali vya ajira kwa wageni, ahadi kwamba sheria zikibadilika hazitamgusa mwekezaji. Lakini kipo kivutio kimoja kisichoitwa kivutio, nacho ni ardhi. Serikali inapotwaa ardhi ya kijiji, ikalipa fidia, ikasawazisha, kisha ikampangisha mwekezaji kwa miaka mingi, gharama yote ya kumtoa mkulima ni mchango wa umma kwa mradi ule. Na fidia inapochelewa, anayeuchangia mradi ni mkulima mwenyewe. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka. Sheria ya wathamini ya 2016 inasema uthamini hudumu miaka miwili tu. Mtu aliyeambiwa asiongeze chumba wala kupanda mche kwa sababu eneo limeshathaminiwa, akakaa hivyo mwaka hadi mwaka, ameikopesha serikali bila riba. Sijaona ripoti ya vivutio inayomhesabu.

Hesabu ya kiwanda cha mfano

Tuchukue kiwanda cha kufikirika, kisichokuwa cha mtu yeyote. Kiko Zinga, hapahapa wilayani, mauzo yake kwa mwaka ni shilingi bilioni 20, faida bilioni 3, na kimeajiri watu 300.

Kodi ya mapato ambayo kingelipa ni asilimia 30 ya bilioni 3: milioni 900 kwa mwaka. Ushuru wa huduma, ambao mjini wanauita sevisi levi, tuupige kwa asilimia 0.3 ya mauzo, kiwango kilichotumika miaka mingi chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa: milioni 60 kwa mwaka. Jumla milioni 960. Kwa miaka 10 ya likizo ni bilioni 9.6. Gawanya kwa ajira 300: kila ajira imegharimu milioni 32. Sambaza hiyo kwa miezi 120: takriban shilingi 267,000 kwa mwezi, kwa kila mfanyakazi, kwa miaka kumi. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha sekta ya biashara na viwanda kuwa shilingi 150,000 kwa mwezi.

Maana yake ni kwamba kodi iliyoachwa inaweza kuuzidi mshahara wa binti aliyeajiriwa. Sisemi kwamba kiwanda kile kisije. Kinaweza kununua malighafi ya wakulima wetu, kufundisha vijana ufundi, kuleta dola, na baada ya miaka kumi kuanza kulipa kodi yote. Huenda biashara ni nzuri. Lakini huwezi kusema ni nzuri kabla hujaiona hesabu, na hesabu hii niliyoipiga kwenye kisogo cha daftari hakuna mkazi wa Zinga anayeweza kuipiga kwa kiwanda halisi, kwa sababu namba hazitolewi.

Rudi kidogo kwenye zile milioni 60. Ushuru wa huduma ni mapato ya ndani ya halmashauri. Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Asilimia kumi ya milioni 60 ni milioni 6 kila mwaka. Kikundi cha akina mama wanaokausha dagaa kingeanzia hapo, na cha mafundi seremala wa Dunda pia. Aliyetoa msamaha hayupo Bagamoyo. Ni sheria iliyopitishwa kwa wakazi wa nchi nzima na cheti kilichosainiwa makao makuu. Aliyepoteza yupo hapa. Mtoaji na mpotezaji wakiwa watu wawili tofauti, mtoaji hana sababu ya kuwa mwangalifu.

Wapo watakaosema kodi hiyo isingekuwapo kabisa bila kivutio, maana mwekezaji asingekuja. Ni hoja ya haki na inastahili kupimwa. Imepimwa. Mwaka 2015 ripoti iliyoandaliwa kwa pamoja na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), Benki ya Dunia, OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea) na Umoja wa Mataifa kwa ajili ya G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa duniani, ilikusanya majibu ya wawekezaji walioulizwa kama wangewekeza hata bila vivutio vya kodi. Rwanda, asilimia 98 walisema wangewekeza. Uganda, 93. Tanzania, 91. Wanachokitafuta kwanza ni umeme usiokatika, bandari inayopakua kwa wakati, sheria isiyoyumba na watu wa kuuziwa. Hao wachache waliobaki, ambao kweli wasingekuja, ndio wanaostahili kivutio, na njia pekee ya kuwatambua ni kuwauliza maswali hadharani.

Funguo ziko mikononi mwa nani

Misamaha haitoki mlango mmoja, na hii ndiyo sababu kubwa ya mkanganyiko.

Bunge huweka misamaha ndani ya sheria za kodi, na kila Juni Sheria ya Fedha huongeza au kupunguza. Waziri wa Fedha anaweza, chini ya kifungu cha 10 cha Sheria ya Kodi ya Mapato, kusamehe mapato fulani kwa Tangazo la Serikali. Kamati ya taifa ya uwekezaji inayoongozwa na Waziri Mkuu hushughulikia miradi mikubwa. Sheria ya Uwekezaji ya 2022 ikaongeza ngazi ya uwekezaji mahiri maalumu, yaani mtaji usiopungua dola milioni 300, ambao uliweza kupata vivutio vya ziada kwa makubaliano. Taasisi ya uwekezaji hutoa cheti. Mamlaka ya Mapato (TRA) hutekeleza. Mawaziri wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huamua nafuu za ushuru wa forodha. Na mara nyingine mradi mmoja hutungiwa sheria yake peke yake, kama bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani kule Tanga, lililotungiwa sheria yake mwaka 2021.

Kila mlango una mlinzi wake, na hakuna mlinzi mwenye orodha ya nyumba nzima. CAG hujitahidi. Ripoti zake, zinazokabidhiwa kwa Rais kila mwisho wa Machi na kuwekwa mezani bungeni Aprili, hutaja jumla ya misamaha. Ni kupitia kwake tulijua kwamba mwaka wa fedha 2011/12 misamaha ilifika takriban shilingi trilioni 1.8, na kelele zilizofuata bungeni ndizo zilizosaidia kuzaa Sheria ya VAT ya 2014 iliyofuta misamaha mingi. Yaani namba moja tu iliyotoka kabatini ilibadilisha sheria. Ila jumla ya nchi nzima haimsaidii diwani wa Zinga. Inamwambia bahari ina maji. Haimwambii mtumbwi wake unavujia wapi.

Bandari tuliyobishania bila kuiona

Hakuna mfano mkubwa kuliko Mbegani, palipopangwa kujengwa bandari ya Bagamoyo.

Machi 2013, Rais wa China Xi Jinping alipozuru Tanzania, makubaliano ya awali ya bandari hiyo yalisainiwa na kampuni ya Kichina ya China Merchants; baadaye Oman ikaingia kupitia mfuko wake wa akiba wa taifa. Namba iliyotajwa ilikuwa dola bilioni 10, bandari pamoja na eneo la viwanda. Oktoba 2015 Rais Jakaya Kikwete, mwana wa wilaya hii, aliweka jiwe la msingi. Tulipiga vigelegele, nami nilikuwamo. Mwaka uliofuata mradi ukasimama. Juni 2019 Rais John Magufuli, akizungumza na wafanyabiashara Ikulu, akaeleza kwa nini: wawekezaji walitaka dhamana ya miaka 33 na pango la miaka 99, na walitaka tusiendeleze bandari nyingine kuanzia Tanga mpaka Mtwara. Wakati huohuo walikuwapo viongozi wakubwa waliosema masharti hayo yameelezwa vibaya na kwamba tunapoteza bahati. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kwamba mazungumzo yatafufuliwa.

Marais watatu, misimamo mitatu, na katika miaka yote hiyo mkataba wenyewe haukuwekwa mezani tuusome. Kwenye vijiwe vya kahawa watu walikosana. Mmoja anasema tumeibiwa, mwenzake anasema tumejinyima, na wote wawili wanabishania barua iliyomo ndani ya bahasha iliyofungwa. Mimi binafsi sijui hadi leo nani alikuwa na haki, na hilo ndilo linaloniuma. Mradi ambao ungebadilisha ukanda wote huu wa pwani, uliowafanya watu waache kupanda minazi, tumeujua kwa hotuba.

Usiri una bei hata mkataba unapovunjika. Maili chache kutoka hapo, kwenye ardhi ya lile ranchi la zamani la Razaba, kampuni ya Kiswidi ilipewa mradi wa miwa. Mwaka 2016 serikali ikafuta hati. Kesi ikaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na Aprili 2022 Tanzania ikaamriwa kulipa takriban dola milioni 165. Masharti ya miradi kama hii yangejadiliwa hadharani tangu mwanzo, na halmashauri, wavuvi, wafugaji na wakulima wakasikilizwa, kasoro zingeonekana zikiwa bado ni wino.

"Ni siri ya biashara"

Jibu hili nimelipokea mwenyewe. Niliandika barua kwa ofisi moja ya umma kuomba kujua kiwanda kimoja kimesamehewa nini na kiliahidi ajira ngapi. Barua ilipokewa, ikagongwa muhuri. Baada ya wiki kadhaa afisa kijana, mwenye adabu zake, akaniambia kwa simu: "Kaka, hayo ni mambo ya siri ya mlipakodi, samahani sana." Simlaumu. Alikuwa anasoma sheria kama alivyofundishwa.

Lakini hapo kuna mambo mawili yaliyofungwa kamba moja. Hesabu za ndani za kampuni, wateja wake, fomula ya bidhaa zake, hizo ni zake na sheria ina haki ya kuzilinda. Kiasi ambacho serikali imemwachia ni kitendo cha serikali, kwa fedha za umma. Hakiwi siri kwa sababu tu aliyepokea ni kampuni. Anayepewa mkopo wa asilimia kumi jina la kikundi chake hubandikwa kwenye mbao za matangazo za kata, na hatujasikia biashara yake ikifa kwa kujulikana.

Tena tayari tunafanya hivyo bila kutetereka. Gazeti la Jumuiya ya Afrika Mashariki huchapisha nafuu za ushuru wa forodha kwa jina la kiwanda, bidhaa, kiasi, kiwango cha ushuru na muda. Ukitaka kujua nani ameruhusiwa kuingiza sukari ya viwandani kwa nafuu, utamkuta humo, Mtanzania kwa Mkenya. Viwanda havijakimbia. Majirani zetu, wale tunaopakana nao Horohoro, waliliandika ndani ya Katiba yao ya 2010: Ibara ya 210 inataka kila msamaha wa kodi uwekwe kwenye kumbukumbu ya wazi pamoja na sababu yake, na uripotiwe kwa Mkaguzi Mkuu. Tangu 2021 Hazina yao huchapisha ripoti ya matumizi yanayopitia kodi. Kuandika Katiba na kuitekeleza ni mambo mawili, na Wakenya wenyewe hulalamika, ila angalau wana kifungu cha kushika mkononi wanapolalamika.

Nasi tunacho cha kwetu kwenye kona moja. Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji katika sekta ya uziduaji ya 2015 inataka mikataba ya madini, mafuta na gesi iwekwe wazi. Nauliza kwa dhati: kwa nini mkataba wa kuchimba dhahabu uwe wa wazi na wa kujenga bandari uwe wa siri? Ardhi ni ileile, wananchi ni walewale.

Uwazi peke yake haumalizi kazi, unahitaji meno. Mwaka 2017 jimbo la Wisconsin, Marekani, liliiahidi kampuni ya Foxconn vivutio vya karibu dola bilioni 3 kwa ajira 13,000. Mkataba ulikuwa wa wazi, na malipo yalifungwa kwenye ajira zilizohesabiwa. Ajira hazikuja. Mwaka 2020 jimbo likakataa kutoa nafuu, na mwaka 2021 mkataba ukaandikwa upya: nafuu ikashuka hadi dola milioni 80 kwa ajira 1,454. Jimbo halikusalimika lote, kwa sababu serikali za mitaa zilishatumia fedha nyingi kwa ardhi na miundombinu. Lakini kwa kuwa kila mtu alijua kilichoahidiwa, mkazi wa kawaida aliweza kusimama getini na kuhesabu magari ya wafanyakazi.

Sisi tuliwahi kuonja utaratibu huo. Mwaka 2018 serikali ilipunguza kodi ya mapato kutoka asilimia 30 hadi 20 kwa miaka mitano kwa viwanda vipya vya dawa na vya ngozi, kwa sharti la kusaini na serikali mkataba wa utendaji. Huo ndio mfumo ninaoutamani kwa kila msamaha mkubwa: ahadi iliyoandikwa, tarehe ya mwisho wa nafuu, ripoti ya kila mwaka ya ajira na uwekezaji halisi, na kifungu cha kurudisha kodi iliyosamehewa endapo ahadi haikutimizwa. Na mkataba huo ubandikwe. Mkataba wa utendaji ambao mtendaji wa kata hajauona utasimamiwa na nani?

Swali kwenye mkutano wa kijiji

Kuna mambo yasiyosubiri sheria mpya. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa mamlaka ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30. Ina vizuizi vyake, maslahi ya kibiashara yakiwamo, kwa hiyo omba kwa akili. Usiombe hesabu za kampuni. Omba orodha ya waliopewa vyeti wilayani, aina ya nafuu, tarehe inapoisha, na ajira zilizoahidiwa. Mikutano ya baraza la madiwani ni ya wazi, na diwani anaweza kuuliza: ni mapato kiasi gani ya ndani tumeyakosa mwaka huu kwa misamaha tusiyoitoa sisi? Mweka hazina ana makadirio ya ushuru wa huduma kwa biashara zinazolipa. Anaweza kukadiria na kwa zisizolipa. Mbunge anaweza kuliomba Bunge litake kiambatisho kwenye kitabu cha bajeti, misamaha kwa wilaya na kwa kampuni. Kamati ya hesabu za serikali za mitaa inaweza kuita.

Na pale chini kabisa kuna mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kufanyika kila miezi mitatu, ambapo tunasomewa mapato na matumizi. Utamaduni huu wa kusomewa tumeupigania, na kiongozi asiyesoma mapato na matumizi anajua atakachokutana nacho kwenye uchaguzi.

Mkutano uliopita kijijini kwa shangazi nilihudhuria, nikakaa nyuma chini ya mwembe pamoja na vijana wa bodaboda. Mtendaji alisoma mapato: ushuru, michango, faini za mifugo. Akasoma matumizi: matengenezo ya choo cha shule, posho, mafuta ya pikipiki. Akafunga daftari. Shangazi akanyoosha mkono, akasimama, akajifunga kanga vizuri.

"Mwenyekiti, shikamoo. Umesoma yaliyoingia, umesoma yaliyotoka. Naomba na yale yaliyotakiwa kuingia yakasamehewa. Ni shilingi ngapi, na amesamehewa nani?"

Watu walicheka kwanza, kisha wakanyamaza. Mwenyekiti alimtazama mtendaji, mtendaji akaitazama daftari. Akasema kwamba taarifa hiyo haiko kijijini, labda wilayani, labda juu zaidi.

"Basi andika kwamba imeulizwa," shangazi akasema, akakaa.

Mtendaji akafungua daftari upya na kuliandika swali kwenye muhtasari, neno kwa neno, huku akimwomba alirudie polepole. Nakala ya muhtasari hupelekwa kwenye kata, na kutoka kata huenda halmashauri. Mkutano ujao ni baada ya miezi mitatu, na shangazi ameshaniambia niwahi.